Kamusi elezo ya 1985: nimwachie binti aisome?

MamaNeema: Habari zenu wapendwa. Marehemu baba aliniachia kamusi elezo ya mwaka 1985, juzuu 20, bado zinanukia karafuu alizoweka kufukuza mende. Binti yangu wa darasa la sita hazibanduki. Jana kanisomea kwamba Pluto ni sayari ya tisa na Mshtarii ina miezi 16. Nizifungie kabatini?

Mwl_Fizikia: Usizifungie dada! Pluto iliondolewa kwenye orodha ya sayari mwaka 2006, na miezi ya Mshtarii inayojulikana sasa imepita 90. Lakini moyo unasukuma damu vilevile, na mche wa kioo unatawanya mwanga vilevile. Mfundishe atazame kwanza mwaka wa kuchapwa, kisha alinganishe na Wikipedia.

Baraka: Na Wikipedia isiaminiwe kichwakichwa. Mwaka 2005 jarida la Nature lilikagua makala za sayansi: Wikipedia ilikuwa na wastani wa makosa manne kwa makala, kamusi elezo ya Britannica matatu. Afungue marejeo ya chini.

MamaNeema: Asanteni sana. Tumebandika kikaratasi kwenye ukurasa wa Pluto, kaandika mwenyewe "2006". Sasa yuko kwenye dinosaria, penseli mkononi.