Naomba ushauri: tuimarishe vipi kikosi cha besiboli kabla msimu haujaanza? (Kisumu)

Kocha wa Mkopo

Hamjambo wandugu. Wananiita kocha, lakini kazi yangu ni ufundi wa friji hapa karibu na Kibuye. Timu hii niliirithi tu. Aliyekuwa akiifunza alihamishwa kikazi, akaniachia gunia la vifaa na daftari la alama. Mazoezi tunafanyia kwenye uwanja wa shule moja upande wa Mamboleo, siku ambazo vijana wa kandanda hawajautwaa.

Msimu uliopita tulicheza mechi 9, tukashinda 2. Sasa tuko mapumzikoni, nina kama miezi 3 hivi, na kikosi kinanimomonyokea mikononi. Nilikuwa na wachezaji 14. Pitcha (mrushaji wa mpira kwa mpigaji) wa kwanza ameitwa chuoni Eldoret. Wa pili ameoa, na tangu harusi, Jumapili hapatikani (hongera zake). Kecha wangu (anayedaka mipira ya pitcha nyuma ya mpigaji), ambaye ndiye pia mpigaji wetu mkali, kiwiko kinamsumbua tangu mechi ya sita. Akirusha kwenda besi (kituo cha mkimbiaji) ya pili mpira unadunda mara mbili ndipo ufike. Kwenye karatasi nimebaki na 12. Uwanjani wanafika 9, siku njema 10.

Mfuko una 42,000. Tumechanga, na mwenye duka moja la vipuri akatuongezea. Kuna pitcha Nairobi yuko tayari kutuchezea: 3,000 kila mechi, na nauli ya kuja na kurudi 3,000 nyingine. Vijana wanataka nimlete hata leo. Mimi moyo wangu uko kwa wapigaji, maana tunafungwa mno, na timu inayofungwa lazima nayo ijue kufunga. Niende wapi hapo?

Jirani wa Jubilee

Miaka 6 nimevaa kofia ya Yankees ya mtumba nikidhani ni kampuni ya nguo. Kumbe ni timu! Nimekaa hapa nyuma nasoma, msinijali.

Takwimu wa Kaptembwo

Kocha, salamu kutoka Nakuru. Huyo wa Nairobi ni 6,000 kwa mechi. Mechi ya 7 ikiisha mfuko umekauka, na bado mechi 2 hamjazicheza. Hapo hujanunua hata mpira mmoja.

Lakini hebu tuache pesa kwanza. Una daftari la alama, na timu nyingi za kwetu hazina hata hilo. Lifungue. Kwa kila mechi mliyopoteza, hesabu mambo mawili tu: pitcha wenu aliwapa wapinzani besi za bure ngapi (mpigaji kwenda besi ya kwanza bila kupiga, kwa sababu mipira aliyorushiwa ni mibovu), na mpira ulimpita kecha mara ngapi mtu akaingia nyumbani, yaani akafunga. Usituambie unavyofikiri, tuletee daftari linavyosema.

Mla Omena

Mlete wa Nairobi! Mpira bila pitcha ni kama ugali bila mboga. Halafu mwambie alipwe baadaye. Ohtani, yule nyota Mjapani, alipokwenda timu ya Dodgers mwishoni mwa 2023 mkataba ulikuwa dola milioni 700 kwa miaka 10, na 680 kati ya hizo alikubali kuzingoja hadi mkataba uishe. Nyinyi wa 3,000 mtashindwaje?

Kocha wa Mkopo

@Mla Omena, Ohtani ana matangazo ya biashara ya kumlisha. Huyu wetu anataka M-Pesa kabla hajapanda basi.

@Takwimu, nimekesha na daftari, mama watoto akidhani napiga hesabu za chama. Mechi 7 tulizopoteza: besi za bure 61. Mpira kumpita kecha na mtu akaingia: 17. Mechi ya mwisho tulifungwa 14 kwa 9. Nikaangalia walitupiga mipira mingapi safi. Sita. Nimeihesabu mara tatu nikidhani macho yamechoka.

Takwimu wa Kaptembwo

Basi hapo ndipo shimo lilipo. Mlifunga 9! Timu inayofunga 9 haina njaa ya wapigaji. Nyinyi mnapika, halafu mlango wa nyuma mmeuacha wazi mbuzi anakula.

Kwa hiyo hutafuti pitcha wa kurusha kwa kasi inayotisha watu. Unatafuta mtu yeyote anayepitisha mpira juu ya sahani (kibao kilicho mbele ya mpigaji), mara kwa mara, hata kama ni wa polepole, na kecha ambaye hapitwi. Wapinzani wenu wana umri na uzoefu kama wenu. Wakilazimika kuupiga mpira, wengi wataupiga mikononi mwa mtu.

Na huyo kecha mwenye kiwiko usimtupe. Oakland, timu ya ligi kuu ya Marekani, baada ya msimu wa 2001 waliwapoteza watatu kwa mpigo: Giambi akaenda Yankees, Damon akaenda Boston, Isringhausen akaenda St. Louis. Pesa za kuwarudisha hawakuwa nazo. Wakamchukua Scott Hatteberg, kecha ambaye kiwiko kilikuwa kimeharibika, kurusha hawezi tena vizuri, timu nyingi hazimtaki. Oakland hawakutaka mkono wake; walitaka jicho lake, kwa sababu alikuwa havutwi na mipira mibovu na alifika besini mara nyingi. Wakamfundisha besi ya kwanza. 2002 wakashinda mechi 103, idadi ileile ya Yankees wenyewe, na 20 kati ya hizo zilifuatana. Ile ya 20 walikuwa wanaongoza Kansas City 11 kwa 0, wakazembea hadi ikawa 11 kwa 11. Aliyeingia kuwaokoa na kuupiga mpira nje ya uwanja? Hatteberg huyohuyo.

Kwa hiyo wako mpeleke besi ya kwanza.

Mama Glavu

Mulembe kutoka Kakamega. Nilicheza softboli miaka 8, na nina neno na huyo ndugu wa Nakuru kabla hajammaliza mtoto wa watu.

Hadithi ya Oakland ni tamu, lakini Hatteberg alikuwa ametibiwa. Huyu kijana bado analia. Kwanza aonwe na mtu wa mifupa, apumzike kurusha kabisa, hata kurusha mawe kwenye mwembe. Besi ya kwanza si kitanda cha kulalia wagonjwa: kuna kurusha nyumbani, kuna kurusha besi ya tatu. Kama kanuni za ligi yenu zinaruhusu mtu wa kupiga tu asiyeshika zamu uwanjani, mwanzo wa msimu muweke hapo.

Halafu Kocha, swali la adabu. Wana umri gani hao mapitcha wako, na walikuwa wanarusha mara ngapi kwa mechi?

Kocha wa Mkopo

Yule wa Eldoret ana 18. Nilikuwa namwacha arushe mpaka achoke.

Mama Glavu

Nilijua. Kijana wa miaka 17 au 18 huko Marekani mwisho ni mipira 105 kwa siku, na wa 15 au 16 ni 95. Akishapita 80 anapumzika siku 4 nzima kabla ya kupanda tena kichuguu (kilima anachorushia pitcha). Na hao wana madaktari pembeni. Pitcha akitoa besi za bure 8 au 9 kila mechi, idadi hiyo ameivuka kabla ya inningi (duru ya mchezo) ya tano, mkono umechoka, na mkono uliochoka ndio unaotoa besi za bure nyingine. Unaona mnavyozunguka?

Kwa hiyo usitafute pitcha mmoja. Tafuta wanne, kila mmoja inningi 2. Mtoto mmoja akae na kalamu, kazi yake ni kuchora mistari kila mpira unaporushwa.

Mzee wa Wiketi

Mimi ni wa kriketi, nipitisheni. Watu wa kuwarushia mnao, ila msikosee kama tulivyokosea sisi tulipowakopesha marafiki zetu wa besiboli wachezaji. Walikuja wakachukua warushaji wetu wa kriketi, yaani wale wanaorusha kwa mkono ulionyooka. Kanuni ya kriketi hairuhusu kiwiko kikunjuke zaidi ya nyuzi 15 wakati wa kurusha. Mtu aliyelelewa hivyo miaka 10, ukimpandisha kichuguu anarusha kama mlango wenye bawaba mbovu.

Chukua wale wanaosimama pembeni. Hao wakidaka mpira karibu na mstari wanaurudisha kwa kiwiko cha kawaida, mbali, na wanalenga vijiti vitatu vyembamba. Ukimwambia alenge sahani, mbona kwake hiyo ni meza! Na mdakaji wa nyuma ya wiketi ndiye kecha wako: amezoea kuchuchumaa siku nzima. Atalalamika tu kwamba glavu ni moja badala ya mbili.

Kijana wa Lurambi

Hapa Magharibi msisahau hoki. Wanaotoka shule kama Kamusinga wana mikono ya kupiga balaa.

Takwimu wa Kaptembwo

@Lurambi, kupiga tumeshasema si shida yao. Na wa hoki hupiga kutoka chini kwenda juu, mpira wa kifuani unamshinda mwezi wa kwanza. Ila kipa wa hoki au wa handiboli, hapo sawa. Hao hawaogopi kitu kinachokuja usoni.

Kocha wa Mkopo

Jamani mmenifungua macho. Nyenzo sasa. Uwanja ukishanyeshewa haufai wiki nzima, na mipira ninayo 7 tu, 2 zimefumuka nyuzi.

Mla Omena

Omera, mambo ya mvua niachieni mimi, leo sitanii. Chukua magunzi ya mahindi, kata vipande vya kidole kimoja, mmoja arushe, mwingine apige kwa mti wa jembe. Gunzi halinyooki hewani, linayumba. Jamhuri ya Dominika, kule wanakotoka wachezaji wengi wa ligi kuu ya Marekani, watoto hucheza na vifuniko vya mitungi ya maji na mti wa ufagio, na hao ndio wanakua wakapiga mipira inayopinda. Varanda ya shule inatosha.

Mama Glavu

Na mapitcha: chaki ukutani, chora kisanduku kuanzia goti hadi kifua, upana wa sahani. Anza mita 10, kila wiki sogea nyuma kidogo mpaka ufike mita 18.44 za kweli. Kila mtu mipira 30, mara 3 kwa wiki, andika ngapi zimeingia. Soksi iliyojazwa vitambaa na kushonwa inafaa, haivunji dirisha la mwalimu mkuu. Msidharau ukuta. Julius Yego wetu wa Kenya alijifunzia kurusha mkuki YouTube, na 2015 akawa bingwa wa dunia kwa mita 92.72.

Pesa: kwanza kinga za kecha, uso, kifua na miguu, na hapo usibahatishe na mtumba uliopasuka. Kisha mipira. Glavu ndizo za kutafuta Kibuye. Zikija kwenye robota wauzaji hawajui ni za nini. Lakini vaa kwanza! Anayerusha kwa kulia huvaa mkono wa kushoto. Nilishawahi kununua 4 kwa furaha, nikafika nyumbani zote za mashoto. Vuta kamba kati ya vidole, ikikatika mkononi mwako irudishe. Ikiwa ngumu, paka Arimis (mafuta ya kukamulia) kidogo kiganjani, weka mpira ndani, funga kwa mpira wa tyubu, lalia chini ya godoro wiki moja.

Jirani wa Jubilee

Arimis kweli haina mpaka. Ng'ombe, watoto, na sasa glavu.

Takwimu wa Kaptembwo

Na yule wa Nairobi usimpoteze. Mwite mara moja tu, Jumamosi na Jumapili, awafundishe hao wanne kusimama na kushika mpira. 6,000, kwisha. Atawaachia kitu ambacho hakipandi naye basi.

Kocha wa Mkopo

Naleta mrejesho, wiki 3 zimepita.

Kecha ameonwa. Ameambiwa wiki 6 asirushe. Alinuna, nikampa kalamu na daftari la kuhesabia mipira, sasa amekuwa mkali kuliko mimi. Wa kriketi wamekuja 2, mmoja ni mdakaji wa wiketi kama alivyosema Mzee, na kweli siku ya kwanza aliniuliza glavu nyingine iko wapi. Siku ya pili nilimwekea mwenzake arushe mipira 40 kwa makusudi ardhini. Ilimpita 3. Kipa wa handiboli kutoka Nyalenda naye alikuja akaondoka, alisema viatu vimemuuma, sijui.

Ukutani nina watu 5. Anayeongoza si niliyemtegemea. Ni kijana wetu wa benchi, mpole, mpira wake unakwenda taratibu hata unaweza kuusalimia njiani. Wiki ya kwanza aliingiza 13 kati ya 30. Jana 22. Wenzake walikuwa wanamcheka mpaka nilipowasomea daftari la msimu uliopita, zile 61.

Wa Nairobi amekubali kuja mwisho wa mwezi. Amesema nauli itangulie.

Mzee wa Wiketi

22 kati ya 30! Huyo usimbadilishe mtindo, hata huyo wa Nairobi asimguse mkono.

Jirani wa Jubilee

Kocha, Jumapili mnaanza saa ngapi? Nina mdogo wangu anaangua maembe ya jirani kwa jiwe kutoka barabarani, na jirani ameshachoka kunipigia simu.

Kocha wa Mkopo

Saa tisa. Aje na viatu vya kufunga, na wewe uje na hiyo kofia.