Uji wa lishe wa nafaka sita, mtoto haongezeki uzito: kosa liko wapi?

MamaTina_Moro:

Habari zenu wakuu. Mtoto ni wa kike, miezi 8, ananyonya vizuri mchana na usiku. Alipotimiza miezi sita alikuwa na kilo 6.7, juzi kliniki kapimwa, 6.9. Haumwi, anacheza kama kawaida.

Chakula chake ni uji wa lishe mara mbili kwa siku. Unga wenyewe: mahindi kilo 2, mchele, ulezi, mtama, uwele na ngano kilo moja moja, soya kilo 1, karanga kilo 1, dagaa nusu kilo. Vyote vilisagwa pamoja mashineni vikiwa vibichi, yaani havikukaangwa wala kuchemshwa. Unga una zaidi ya mwezi kwenye ndoo ya mfuniko. Napika vijiko vitatu vikubwa kwa nusu lita ya maji, naweka sukari kidogo, anakunywa kama mililita 200 kila mara. Anatumia chupa, chuchu imetobolewa kidogo uji upite.

Nimeshauriwa niongeze ufuta, mbegu za maboga na unga wa ubuyu. Niongeze kipi na kwa kiasi gani?

---

Lishe_Kwanza:

Dada, usiongeze kitu kwenye huo unga kwanza. Tuanze na sufuria.

Kijiko kikubwa cha unga kilichofutwa kina kama gramu 10. Vijiko vitatu ni gramu 30, na gramu 30 za unga zina takribani kilokalori 108. Umezitawanya kwenye nusu lita. Mtoto akinywa mililita 200 anapata kama 40, mara mbili kwa siku ni 80 tu na ushee, ukiacha hiyo sukari. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anayenyonya vizuri anahitaji kama kilokalori 200 kwa siku kutoka kwenye chakula, mbali na maziwa ya mama. Akifika miezi 9 inapanda hadi 300, na kuanzia mwaka mmoja ni 550. Kwa hiyo anapata chini ya nusu, na tumbo limejaa maji.

Tumbo ndilo la kulifikiria hapa. Mtoto anabeba kama mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake kwa mlo mmoja, wa kwako ni kama 200. Huwezi kumwongezea wingi, unaweza kumwongezea uzito wa uji tu. Kipimo rahisi: uji ukiuchota kwa kijiko ubaki kwenye kijiko, ukikiinamisha uanguke taratibu. Ukimiminika kama chai, bado.

Anza hivi leo leo: unga vijiko 3 kwa maji mililita 200, siyo 500. Ukishaiva, koroga humo kijiko cha chai kilichojaa cha karanga zilizosagwa laini. Hapo una kilokalori 150 hivi kwenye bakuli moja. Mara tatu kwa siku, kwa kijiko na bakuli. Chupa iache kabisa, maana ndiyo inayokulazimisha upike uji mwepesi, na chuchu iliyotobolewa haisafishiki vizuri ndani. Sukari nayo haina kazi hapo.

Kuhusu wingi wa nafaka: mahindi, mchele, ulezi, mtama, uwele na ngano zote kazi yake kubwa ni moja, wanga. Sita hazimpi mtoto mara sita ya kitu chochote. Nafaka moja au mbili zinatosha, ukiambatanisha na mikunde, maana protini ya mahindi ina upungufu wa lisini na mikunde inayo kwa wingi. Mahindi na ulezi, basi. Fedha ya zile nyingine nne nunua mayai.

---

Mkoboaji_Kibaigwa:

Naunga mkono, ila kwenye huo unga mimi naogopa zaidi karanga na mahindi yaliyosagwa pamoja na kukaa zaidi ya mwezi.

Karanga karibu nusu yake ni mafuta. Ukishazisaga, mafuta yanakutana na hewa na yanaanza kuharibika; wiki ya tatu au ya nne unga unatoa harufu ya mafuta ya zamani na unaacha uchungu kooni. Mtoto anakataa, mama anadhani hana hamu ya kula. Onja unga wenyewe mkavu kwenye ulimi kabla hujamlaumu mtoto.

Kubwa kuliko hilo ni sumukuvu. Ukungu ukiota kwenye mahindi au karanga zisizokauka vizuri unatengeneza aflatoksini, na hii haifi kwa kuchemsha wala kukaanga. Mwaka 2004 Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa mahindi ya namna hiyo. Mwaka 2016 ilitokea kwetu, Dodoma na Manyara. Huko ni kula nyingi kwa mkupuo. Ile ndogo ndogo ya kila siku haiui papo hapo, lakini tafiti zilizofanyika Benin na Togo mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuta watoto wenye aflatoksini nyingi kwenye damu ni wafupi na wepesi kuliko wenzao. Mtoto anayekula unga ule ule kila siku yuko kwenye hatari zaidi ya mtu mzima anayebadilisha chakula.

La kufanya: nunua karanga nzima zenye maganda yake mekundu, usinunue zilizosagwa tayari, kwani huwezi kujua zilikuwaje. Zimwage kwenye ungo penye mwanga. Toa iliyosinyaa, iliyovunjika, yenye doa jeusi au vumbi la kijani, na iliyobadilika rangi ndani ukiipasua. Usizionee huruma na usiwape kuku. Mahindi vivyo hivyo, na kwa mtoto mdogo ni bora yakobolewe kwanza, kwa sababu sumu nyingi iko kwenye ganda na kiini. Unapoteza nyuzi na virutubishi kiasi, lakini hivyo utavirudisha kwa mboga na dagaa.

Kujua kama mahindi yamekauka: weka chumvi kavu kidogo kwenye chupa ya kioo iliyo kavu, jaza mahindi hadi theluthi moja, tikisa dakika mbili tatu, acha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi, yarudishe juani juu ya turubai.

Na ukifika mashineni, omba wasafishe au uache kilo ya kwanza itoke. Hujui aliyekutangulia alisaga nini.

---

Mama_wa_Kimea:

MamaTina, ukipika vijiko 3 kwa mililita 200 uji utakuwa mzito na mtoto aliyezoea chupa anaweza kuutema. Dawa yake ni kimea cha ulezi. Kimea kina vimeng'enya vinavyovunja wanga, uji mzito unalainika bila kuongeza maji hata tone.

Chukua ulezi nusu kilo, upepete, uoshe mpaka maji yawe meupe. Loweka saa 12, ukibadilisha maji mara moja. Chuja, tandaza kwenye kitambaa kilichochemshwa, unene usizidi sentimita mbili, funika kwa kitambaa kingine. Nyunyizia maji asubuhi na jioni. Siku ya pili au ya tatu vijizizi vinafika sentimita moja, hapo inatosha. Anika juani siku nzima au mbili hadi punje ivunjike kwa jino, sugua viganjani mizizi itoke, pepeta, saga.

Kupika: unga vijiko 4 kwa maji mililita 200, uive kabisa, utakuwa karibu na ugali laini. Epua. Subiri kama dakika tano, upoe kiasi lakini bado uwe wa moto. Weka kijiko cha chai kilichofutwa cha kimea, koroga taratibu. Ndani ya dakika chache utaona unalegea mbele ya macho yako, mwiko unaokuwa umesimama unaanza kulala. Rudisha jikoni uchemke dakika tano nyingine, kwa sababu punje iliyooteshwa inabeba vijidudu. Ndipo uweke karanga.

Watu wanaharibu wapi? Wanatia kimea kwenye uji unaotokota, vimeng'enya vinakufa, uji haulegei, wanasema kimea hakifanyi kazi. Au wanakausha kimea kwenye kikaango, vinakufa vile vile. Au wanaona utando mweupe wenye manyoya kwenye ulezi unaoota na wanaendelea. Huo ni ukungu, mwaga wote. Na usioteshe mtama kwa kazi hii: chipukizi la mtama lina sayanidi.

---

Soya_Sahihi:

Naona kila mtu ameiruka soya. Soya mbichi iliyosagwa na kupikwa dakika kumi ndiyo inayoumiza watoto wengi. Ina kizuizi kinachozuia protini kumeng'enywa, kwa hiyo unamwekea protini halafu unamfungia asiitumie. Tumbo linajaa gesi, choo kinakuwa chepesi.

Ila sikubaliani na wanaosema itupwe kabisa kwenye lishe. Chagua, osha, kisha itumbukize kwenye maji yanayochemka tayari, siyo ya baridi, maana ukiiloweka kwenye baridi ile harufu ya maharage mabichi ndiyo inapoanzia. Chemsha dakika 25 hadi 30. Mwaga maji, sugua maganda yatoke, suuza, anika ikauke kabisa, kaanga moto mdogo hadi iwe na rangi ya kahawia hafifu. Hapo ndipo isagwe, sehemu 1 ya soya kwa 3 za nafaka. Saga ya wiki mbili tu.

---

Lishe_Kwanza:

@Soya_Sahihi, hatua zako ni sawa kabisa. Tatizo ni kwamba wengi wanaruka ile ya kuchemsha na huwezi kuiona kwa macho kwenye unga uliosagwa. Kwa mama anayenunua unga tayari sokoni nitaendelea kumwambia atafute usio na soya, aweke maharage ya kupondwa pembeni.

---

MamaTina_Moro:

Asanteni sana, nimepata mwanga. Dagaa nao nitoe kwenye unga? Na kwa umri huu naweza kumpa chakula kingine kisicho uji?

---

Nesi_Kliniki:

Watoe kwenye unga, mama, wabaki kwenye bakuli. Dagaa ndani ya unga wanaleta harufu, unga haukai, na kiasi anachopata kwa kila kikombe ni kidogo mno. Osha kwa maji ya vuguvugu mara mbili tatu mchanga uishe, toa vichwa na matumbo, kausha, kaanga bila mafuta hadi wavunjike kwa vidole, twanga, chekecha kwa chekecheo laini miiba isipite. Kijiko cha chai kimoja kwa bakuli, mara moja kwa siku. Wale waliotiwa chumvi usitumie kwa mtoto.

Sababu ya kung'ang'ania dagaa, mayai, samaki na maini ni madini ya chuma. Akiba aliyozaliwa nayo mtoto inaanza kuisha karibu na miezi sita, na maziwa ya mama yana chuma kidogo sana. Nafaka nazo zina fitati inayokikamata chuma kisiingie mwilini. Maini ya kuku yaliyoiva vizuri na kupondwa, kijiko cha chai kimoja au viwili, mara moja kwa wiki yanatosha. Yana vitamini A nyingi mno, usimpe kila siku. Baada ya mlo wenye maharage au mchicha mpe juisi ya chungwa uliyokamua mwenyewe, vijiko viwili vitatu, inasaidia chuma kufyonzwa. Chai, hata ya maziwa, usimpe. Inafanya kinyume chake.

Ndiyo, chakula kingine anza sasa. Asubuhi uji mzito wa karanga. Mchana viazi vitamu vya rangi ya chungwa vilivyopondwa na maharage yaliyotolewa maganda, mchicha uliokatwa laini sana, mafuta kijiko kimoja cha chai. Jioni wali laini uliopondwa na dagaa au kiini na ute wa yai lililoiva. Katikati parachichi au ndizi. Ponda kwa uma, usisage kwa blenda. Miezi 8 anapaswa kujifunza kutafuna, vinginevyo akifika mwaka atakataa kila chenye punje. Asali ngoja atimize mwaka, ina hatari ya sumu ya botulizimu kwa watoto wachanga.

Sasa la kliniki. Gramu 200 kwa miezi miwili ni kidogo. Mtoto wa kike wa kawaida kati ya miezi 6 na 8 anaongeza kama gramu 600. Kilo 6.9 bado iko ndani ya mstari, lakini mchoro wake kwenye kadi umelala, na huo ndio wa kuangalia kuliko namba yenyewe. Usisubiri tarehe ya mwezi ujao, nenda wiki hii. Omba wapime mkono kwa ule mkanda wa rangi: chini ya sentimita 12.5 ni njano, chini ya 11.5 ni nyekundu na anaanza matibabu siku hiyo hiyo. Omba pia wapime wingi wa damu na mkojo, kwa sababu maambukizi ya njia ya mkojo yanaweza kukwamisha uzito bila homa ya kuonekana. Waulize kama alipewa matone ya vitamini A alipofikisha miezi sita. Kama kadi haina alama, apewe.

Ukianza uji mzito leo, mpime tena baada ya wiki mbili kwenye mzani ule ule, akiwa amevuliwa nguo.