Mamangu ana uvimbe wa pituitari, wanataka kuutoa kupitia puani. Tuulize nini kabla ya kutia sahihi?

BintiKayole
Habarini nyote. Mamangu ana miaka 54. MRI imeonyesha uvimbe wa sentimita 2.6 kwenye tezi ya pituitari (tezi ndogo ya homoni chini ya ubongo), na ripoti inasema umezisukuma juu neva za macho. Siku hizi anagonga fremu za milango kwa bega, na akivuka Kangundo Road haoni bodaboda mpaka iwe mbele yake. Tumepewa fomu ya idhini na tarehe ya upasuaji, wiki tatu kutoka leo. Damu amepimwa hemoglobini, figo na kundi la damu basi. Tuulize nini? Na kweli puani kunafikika huko?

HomoniKwanza
Dada, anzeni na hiyo damu. Prolaktini, ile homoni ya maziwa, iko wapi? Uvimbe unaotengeneza prolaktini hutibiwa kwa vidonge vya kabergolini hata ukiwa mkubwa, hata ukiwa umeshabana macho. Mara nyingi hunywea wenyewe, na kisu kisihitajike kabisa. Kumpasua mtu bila kipimo hicho ni kosa.

Mwambie daktari aiombe maabara iipime pia sampuli iliyozimuliwa mara 100. Uvimbe mkubwa unaweza kumwaga prolaktini nyingi hadi mashine izidiwe na kutoa namba ndogo ya uongo. Kwa ukubwa wa huo wa mama, prolaktini ya zaidi ya 200 ng/ml inaelekeza kwenye vidonge. Ikiwa imepanda kidogo tu, chini ya 100, kwa kawaida ni kikonyo cha tezi (kishina kinachoiunganisha na ubongo) kimebanwa, na kabergolini haitaupunguza uvimbe wenyewe. Angalieni kipimio: maabara nyingine huandika mIU/L, ambapo 1 ng/ml ni kama 21.

Pamoja nayo apimwe kotisoli (homoni inayoshikilia presha) ya saa mbili asubuhi, T4 huru, yaani homoni ya thairoidi (TSH, homoni ya pituitari inayoiamsha thairoidi, peke yake hudanganya hapa, inaweza kuonekana sawa huku T4 iko chini), sodiamu na IGF-1, inayoonyesha kama homoni ya ukuaji imezidi. Pete zimeanza kumbana? Viatu vimekuwa vidogo? Kama ndiyo, mtaalamu wa usingizi ajue mapema, kwa sababu homoni ya ukuaji hunenepesha ulimi na kuingiza mpira wa kupumulia huwa kazi.

Huko kugonga fremu kuna maelezo yake. Neva za macho hukutana juu tu ya tezi, na nyuzi zinazopita katikati ya makutano ndizo zinazobeba picha ya pembeni, kulia na kushoto. Apimwe eneo la kuona kwa mashine, kila jicho peke yake, na karatasi muitunze. Bila hiyo hamtajua baadaye kama macho yamepona. Na akipata kichwa kikali cha ghafla, kutapika na macho kufifia, msisubiri tarehe. Huenda uvimbe umevuja damu ndani. Mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo.

NjiaYaPua
Puani kunafikika, na ndiyo njia ya kawaida. Daktari Hermann Schloffer aliifikia tezi hii kupitia pua kule Innsbruck, Austria, mwaka 1907. Leo inatumika endoskopu, mrija mwembamba wenye kamera. Daktari wa masikio, pua na koo hufungua njia hadi kwenye uwazi wa sfenoidi nyuma kabisa ya pua, kisha daktari wa upasuaji wa ubongo hutoboa mfupa mwembamba ulio chini ya tezi, hupasua utando na kuukwangua uvimbe kidogo kidogo. Uso haupati kovu.

Swali langu la kwanza kwenu: amepigwa CT ya mifupa ya pua? MRI haitoshi. Ndani ya sfenoidi kuna kuta nyembamba za mfupa, na baadhi hushikamana na mfupa unaofunika karotidi, mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ubongo. Ukuta kama huo ukivunjwa kwa kuzungushwa unaweza kuupasua mshipa. Ni nadra, lakini ni hatari kuliko zote, na CT ndiyo humwambia daktari asage wapi badala ya kuvunja.

La pili: maji ya ubongo yakivuja, tundu litazibwa na nini? Jibu zuri linataja mafuta kutoka tumboni au pajani kwa mvujo mdogo, na kwa tundu kubwa kipande cha ngozi laini ya ukuta wa kati wa pua kinachozungushwa kikiwa bado na mshipa wake wa damu. Kipande hicho hukatwa mwanzoni, kabla njia haijapanuliwa. Mshipa wake ukishachomwa, hakuna cha kuzungusha tena.

La tatu: uvimbe umeingia pembeni, kwenye sainasi ya kavanosi? Huko hupita karotidi na neva zinazosogeza jicho. Daktari mwangalifu huacha mabaki huko makusudi, anayafuatilia kwa MRI kuanzia miezi mitatu baada ya upasuaji, na yakikua hupigwa mionzi. Kwa hiyo msishtuke mkiambiwa "hatukuutoa wote".

Msafara_India
Mpelekeni India tu, hapa Nairobi ni kubahatisha.

NjiaYaPua
Sikubaliani. Upasuaji huu unafanyika Nairobi. Muulizeni daktari amefanya mangapi ya aina hii na kama timu ya pua itakuwepo thieta siku hiyo. Mgonjwa anayesafiri mapema pia hukosa uangalizi wa wiki mbili za kwanza, ambazo ndizo zenye mitego.

SistaWodini
Hizo wiki mbili naomba mzielewe vizuri.

Siku mbili tatu za kwanza baada ya upasuaji pimeni kila mkojo. Ukizidi ml 250 kwa saa, saa mbili mfululizo, na mweupe kama maji ya bomba, nesi aambiwe hapo hapo. Tezi imeacha kutoa homoni ya kuzuia maji na huenda akahitaji desmopresini. Ulizeni kabla ya upasuaji kama hospitali inayo, na iwe ya vidonge au sindano. Ile ya kupuliza puani haifai pua ikiwa imezibwa.

Kisha mambo hugeuka. Kati ya siku ya 4 na ya 10, akiwa nyumbani, mwili unaweza kushika maji na sodiamu ikashuka. Mama atalalamika kichwa, kichefuchefu, uchovu, na jirani atamwambia anywe maji mengi. Hapo ndipo anapoharibika, hadi degedege. Apimwe sodiamu siku ya 7 hata kama yuko sawa. Ikiwa chini ya 135 mpigieni daktari. Ikikaribia 125, au akianza kuchanganyikiwa, ni dharura.

Asipenge kamasi kwa wiki kama sita, apige chafya mdomo wazi, asitumie mrija, asiinue mtungi wa lita 20, na apewe laktulosi ya kulainisha choo asijikamue chooni. Maji meupe yakidondoka puani akiinama, yenye ladha ya chumvi, kusanyeni kwenye chupa safi yakapimwe beta-2 transferini, protini inayoonyesha kuwa ni maji ya ubongo. Kijiti cha sukari hakiaminiki, machozi nayo yana sukari. Homa na shingo kukakamaa, msingoje asubuhi.

BintiKayole
Asanteni sana. Majibu yametoka: prolaktini 61 ng/ml, hata iliyozimuliwa ni hiyo hiyo. Kotisoli ya asubuhi 2.4 µg/dl, T4 iko chini. Kliniki ya karibu imemwandikia dawa ya thairoidi aanze leo.

HomoniKwanza
Asianze leo! Kotisoli 2.4 ni ya chini mno. Dawa ya thairoidi huongeza kasi ya mwili kutumia kotisoli ambayo hana, na anaweza kuzirai kwa presha kushuka. Haidrokotisoni, dawa inayoziba pengo la kotisoli, hutangulia, thairoidi hufuata baada ya siku kadhaa. Mpigieni daktari wa homoni sasa hivi, msisubiri kliniki ijayo. Akishaanza haidrokotisoni asiikatishe ghafla, akipata homa dozi huongezwa maradufu, na akitapika asiweze kuimeza anahitaji sindano. Mtaalamu wa usingizi naye ajue, kwa sababu siku ya upasuaji atahitaji dozi kubwa ya mshipa.

Prolaktini 61 ni ya kikonyo kubanwa, kwa hiyo upasuaji unabaki.

SistaWodini
Na kibali cha SHA, bima ya afya ya serikali, kiombwe sasa, siyo siku ya kulazwa. Mwulize ofisa wa bima kama MRI ya miezi mitatu baadaye na desmopresini zimo.

BintiKayole
Nimempigia. Amesema vidonge vya thairoidi viwekwe kando, tufike leo saa nane kwa haidrokotisoni. Tunatoka sasa.