Majirani Ilazo: Chakula cha Bobi

ALHAMISI

Rehema, 18:12
Mbukwenyi majirani wapendwa. Kesho alfajiri naondoka kwenda Kongwa, tumefiwa na mama mdogo. Nitarudi Jumatatu Mungu akipenda. Mbwa wangu Bobi anabaki nyumbani, na nina ombi kubwa juu yake.

Rehema, 18:13
Tafadhali mtu yeyote asimrushie chakula. Si mfupa, si ugali, si kipande cha chapati. Daktari wa mifugo amemweka kwenye chakula cha aina moja tu ili tujue kinachomwasha ni nini, na tumeshavuka nusu ya muda. Akipata tonge la kitu kingine halafu muwasho ukarudi, hatutajua tena umetokana na nini, na itabidi tuanze upya.

Mama Tumaini, 18:16
Poleni sana mdogo wangu, Bwana awatie nguvu. Ni yule mama mdogo aliyekuja Pasaka? Jamani 😢

Mama Tumaini, 18:17
Sasa Jumamosi ni kipaimara cha Tumaini hapa kwangu. Kuna mbuzi na kuku. Mifupa nilishamwekea Bobi kwenye hesabu. Hata ya kuku isiyo na viungo hapana?

Rehema, 18:19
Ndiye huyo dada, asante. Hata ya kuku hapana. Kuku, ng'ombe, maziwa na ngano ndivyo vinavyosumbua mbwa wengi wenye aleji ya chakula, na Bobi amekula mabaki ya kila namna, kwa hiyo vyote tunavishuku. Isitoshe mfupa uliopikwa, hata kwa mbwa asiye na aleji, hupasuka vipande vyenye ncha vikamchana utumbo.

Baba Kelvin, 18:24
Dada Rehema, nauliza kwa nia njema. Huyu mbwa ulimwokota kule stendi ya Nanenane akila jalalani. Alikuwa anakula chochote. Leo mfupa mmoja ndiyo umdhuru?

Neema SUA, 18:27
Shikamoo Baba Kelvin. Mimi nipo likizo, naomba nijibu hilo maana ndilo tunalosoma pale SUA, chuo kikuu cha kilimo. Aleji ya chakula hutokana na kitu ambacho mwili umeshakutana nacho. Mbwa anakula nyama ya ng'ombe miaka miwili, mitatu, hana neno, halafu siku moja kinga ya mwili inaanza kuipiga vita ile nyama. Kwa hiyo chakula alichokizoea ndicho cha kwanza kushukiwa. Ndiyo sababu anapewa sungura na viazi vitamu, vitu ambavyo jalalani kule si rahisi awe alivila.

Baba Kelvin, 18:28
Marahaba mwanangu. Hapo nimekuelewa.

Rehema, 18:33
Na pale stendi hakuwa mzima, baba. Wengi wenu mlimwona siku namleta kwenye bajaji. Tumboni na makwapani hana unyoya, ngozi imekuwa nyeusi na nene, nyayo nyekundu kwa kujilamba. Masikioni mlikuwa na uchafu wa kahawia unaonuka kama togwa iliyochacha. Usiku alikuwa halali, anajikuna mpaka damu, akichoka anajisugua ukutani. Mtu aliniambia nimrudishe nilikomtoa, ni mbwa tu. Mimi sikuweza. Kiumbe kinachoteseka hivyo mbele ya macho yako, unakirudishaje?

Mama Tumaini, 18:34
Haiwezekani. Ulifanya jambo la utu.

Babu Ndahani, 18:41
Wajukuu, sisi zamani mbwa akiota ukurutu tulimpaka oili chafu ya gari. Au unamwogesha kwa dawa ya josho la ng'ombe. Manyoya yanaota yenyewe. Mbona mnahangaika na sungura?

Neema SUA, 18:46
Shikamoo babu. Oili chafu ina sumu, na mbwa anayewashwa hujilamba mwili mzima, kwa hiyo yote inaishia tumboni. Dawa ya josho nayo huchanganywa kwa kipimo cha ng'ombe. Mbwa wa kilo 15 akiogeshwa kwa kukadiria anaweza kutetemeka, kutoa povu na kufa. Labda wale wa zamani waliopona walikuwa na utitiri, na dawa iliua utitiri. Aleji haiuliwi, babu. Unatafuta kinachoichokoza, unakiondoa.

Babu Ndahani, 18:52
Marahaba. Basi kumbe ni magonjwa mawili tofauti.

Mjumbe, 18:55
Habari za jioni ndugu zangu, na pole Rehema kwa msiba. Nimefuatwa na wazazi wawili kuhusu huyo mbwa, wanahofia upele kuwapata watoto. Tuweke wazi: unaambukiza au hauambukizi? Na chanjo ya kichaa cha mbwa anayo?

Rehema, 19:02
Asante Mjumbe, wana haki ya kuuliza. Chanjo anayo, kadi nitakutumia picha sasa hivi. Aleji haiambukizi mtu wala mbwa mwenzake. Kinachoweza kumpata mtu ni upele wa utitiri, na daktari alianza na huo kabla ya yote. Alimkwangua ngozi akaangalia kwenye darubini, hakuona kitu, ila akasema utitiri ule ni hodari wa kujificha, kwa hiyo akampa dawa yake vilevile. Halafu akatibu bakteria na fangasi waliokuwa wameingia kwenye vidonda. Harufu ilikuwa yao. Baada ya hapo ndipo tukaja kwenye viroboto, halafu chakula.

Neema SUA, 19:05
Viroboto nakazia. Mbwa mwenye aleji ya mate ya kiroboto anawashwa mwili mzima kwa kuumwa mara chache tu. Wenye mbwa na paka hapa mtaani, tuwape dawa wote kwa pamoja, la sivyo Bobi atakuwa analetewa wapya kila wiki. Na matandiko yafuliwe kwa maji ya moto, mayai ya viroboto hudondokea huko.

Mjumbe, 19:06
Kadi nimeiona, iko sahihi. Nitawajulisha wale wazazi. La viroboto tulizungumze kwenye kikao.

Bi Zainabu, 19:15
Assalaam alaykum. Pole mwanangu Rehema. Mimi mbwa simgusi, ni kwa ajili ya udhu wangu, wewe unajua. Lakini wajukuu zangu ndio wanaopenda kumtupia mandazi ukutani. Nitawakataza, na mabaki yangu yote nitayafunga kwenye mfuko nisiache ndoo wazi.

Rehema, 19:17
Waalaykum salaam mama. Umenisaidia kuliko unavyojua. Mungu akubariki.

Neema SUA, 19:20
Na zabibu jamani! Msimu ndiyo huu, kila nyumba ina beseni. Zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuua figo za mbwa, awe na aleji au asiwe nayo. Vitunguu na chokoleti pia ni sumu kwao. Watoto waambiwe.

Baba Kelvin, 19:22
Zabibu? Dodoma hii? Sikuwahi kusikia. Nimewaambia wangu hapa hapa.

Mama Tumaini, 19:26
Rehema, akizidiwa usiku wakati haupo, nimpe piritoni? Ninazo ndani.

Rehema, 19:30
Hapana dada, usimpe kidonge chochote cha binadamu. Kuna dawa za mafua zimechanganywa na vitu vingine humo humo, paracetamol mojawapo, na hizo ni hatari kwa mbwa. Akizidiwa nipigie, nitampigia daktari mwenyewe. Mwanzoni alipewa prednisoloni ya kutuliza muwasho, akawa anakunywa maji ndoo nzima na kukojoa ovyo. Hiyo ilipunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo, maana haikatwi ghafla. Sasa hatumii, ndiyo maana tunaona kazi ya chakula chenyewe.

Baba Kelvin, 19:34
Nani atamlisha? Kelvin amefunga shule na Bobi anamjua.

Rehema, 19:35
Nilikuwa naona haya kuomba. Ningefurahi sana.

Rehema, 19:48
Kelvin mwanangu, soma hii vizuri. Ufunguo uko kwa Mama Tumaini. Nyama ya sungura nimeshaichemsha, nimetoa mifupa yote, iko kwenye friji kwenye vibakuli. Kibakuli kimoja asubuhi, kimoja jioni, changanya na viazi vitamu vilivyo kwenye sufuria yenye plasta nyekundu mfunikoni. Sufuria hiyo na mwiko wake ni vya Bobi peke yake, usipikie kitu kingine wala usivioshe na sponji ya vyombo vyetu, mafuta ya nyama hubaki. Hakuna chumvi, hakuna mafuta, hakuna kitunguu. Maji safi muda wote.

Rehema, 19:51
Upepo huu wa Agosti unaleta vumbi na vumbi nalo linamsumbua. Akitoka kukojoa, mfute nyayo na tumbo kwa kitambaa chenye maji, halafu mkaushe katikati ya vidole. Dawa ya masikio ni matone jioni, kipimo nimeandika kwenye chupa. Usiingize kijiti cha pamba. Usimwogeshe, sabuni yake ya dawa inatakiwa ikae mwilini dakika 10 kabla ya kusuuzwa na mgao wa maji tunaujua. Nitamwogesha mwenyewe nikirudi.

Kelvin, 19:55
Shikamoo mama. Nimeelewa. Je, akilia njaa?

Rehema, 19:56
Marahaba baba. Atalia, maana alizoea kuombaomba. Cheza naye, mkune kifuani, anapenda. Chakula usiongeze.

Mama Tumaini, 20:03
Mpaka lini lakini? Sungura kila siku ni pesa.

Rehema, 20:09
Kwa uchache wiki 8 dada. Tumbo hutulia mapema, ngozi ndiyo huchelewa. Zikiisha, tunamrudishia chakula kimoja kimoja. Kwa mfano ng'ombe peke yake hadi wiki mbili, tunaangalia kama anaanza kujikuna. Kikimwasha tumekijua, tunakifuta maishani mwake. Kipimo cha damu kipo, ila daktari alinikataza kupoteza pesa, kwa aleji ya chakula majibu yake hayaaminiki. Na sungura na viazi peke yake si chakula cha maisha, kina upungufu wa kalisiamu na vitu vingine. Tukishajua adui yake, atapangiwa mlo kamili, wa nafuu.

Babu Ndahani, 20:17
Kijana wangu wa Nzuguni anafuga sungura. Nitamwambia akuuzie kwa bei ya nyumbani.

Rehema, 20:18
Babu! Asante sana sana 🙏🏾

JUMAMOSI

Kelvin, 08:20
Amekula yote. Nimemfuta nyayo. Wekundu umebaki mguu wa mbele kushoto tu.

Mama Tumaini, 14:40
Wageni wamejaa. Nimewatangazia wote kabla ya sala ya chakula kwamba mbwa wa jirani ni mgonjwa, mabaki yanakwenda kwenye pipa lenye mfuniko. Mjomba mmoja alishainuka na mfupa, Tumaini mwenyewe kamzuia akiwa na gauni lake jeupe.

Rehema, 15:32
Nimesoma nikiwa hapa msibani nikatokwa machozi. Hongera sana Tumaini mwanangu kwa kipaimara. Kelvin, wakati wa muziki mfungie Bobi chumba cha nyuma na maji yake, kelele zikimpa hofu ataanza kujilamba.

Kelvin, 15:34
Yuko huko tayari, nimekaa naye.

Kelvin, 20:11
Mama, makwapani kuna manyoya mafupi yameanza. Ni mepesi lakini ukipitisha kidole unayasikia. Nimemwonyesha Neema.

Neema SUA, 20:13
Ni kweli, nimeshika mwenyewe. Na masikio hayanuki. Dada Rehema, mtumie daktari picha hii Jumatatu, ila usibadilishe kitu mpaka muda uishe.

Rehema, 20:20
Sibadilishi chochote. Ee Mungu asante. Tuma picha nyingine Kelvin, ya karibu.

Babu Ndahani, 20:31
Sungura wawili wako tayari. Kijana anauliza awachinje au awalete hai.

Rehema, 20:34
Achinje babu, shikamoo. Ila naomba kisu na ubao vioshwe vizuri kwanza kama vilikatia nyama nyingine, na asipake chumvi. Alete Jumatatu jioni, nitakuwa nimefika.