Pikipiki ya Honda CB350 ya mwaka 1972: niifufue au niiache?

Swali: Ndugu wanajukwaa, nimeinunua kwa bei ya chini sana, injini imekwama na tangi lina kutu, ingawa nambari za fremu na injini zinasomeka vizuri. Je, inafaa kugharimiwa?

Jibu: Kabla ya kununua kipuri chochote, fungua plagi zote mbili, mimina mafuta mepesi kwenye silinda, yaache siku kadhaa, kisha zungusha krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) taratibu kwa spana, kwani ukilazimisha kwa kiki unaweza kuvunja ringi za pistoni.

Jibu: Nakubaliana naye. Kinachomaliza fedha ni kromu na rangi, kwa hiyo anza na breki, tairi na nyaya.

Muulizaji: Ahsanteni. Leo krenki imesogea kidogo, mafuta meusi yakachuruzika, nimeamua kuifufua.