Hisa za kampuni ya picha za setilaiti, niingie au nisubiri?

Mwenye uzi: Wakuu heshima kwenu. Kuna kampuni ya picha za setilaiti, zile za kuangalia mashamba, misitu na bandari kutoka juu, imefungua mlango kwa wawekezaji wadogo. Usingizi sina. Niingie? Mwisho Ijumaa.

Mzee wa Chati: Planet Labs, kampuni ya Marekani ya picha kama hizo, iliingia soko la hisa la New York Desemba 2021 kwenye dola 10 hivi, 2024 ikashuka chini ya dola 2, halafu ikaja kupanda tena. Mimi niliuza huku chini, mpaka leo mke wangu ananikumbusha.

Binti Ramani: Hizi picha ndo kazi yangu. Picha za Landsat, setilaiti za serikali ya Marekani, ni bure tangu 2008, za Sentinel-2 ya Ulaya nazo bure, pikseli moja ni mita 10 ardhini. Sasa hao wanauza nini ambacho bure hakipo? Na mawingu je? Juzi nimefungua picha ya shamba la mteja, nyeupe tupu, ya kabla yake nayo nyeupe, ndo mana wengine wamehamia rada maana inapenya mawingu.

Bro Kimya: Mdogo wangu, zinauzwa soko gani?

Mwenye uzi: Haiko sokoni bado mkuu, nimeletewa na jamaa niliyesoma naye. Ila wana setilaiti 2 angani tayari.

Bro Kimya: Na hela ni yako?

Mwenye uzi: Nusu yangu, nusu mkopo, na awamu ya kwanza nishalipa. Msinihukumu jamani, vita ya Ukraine imeonyesha serikali zinazigombania hizi picha.

Mama Akiba: Mkopo kwenye hisa hapana mwanangu. Riba haisubiri.

Jicho Kavu: ID mpya, mwisho Ijumaa, kampuni haina jina. Hii ni chai, au ni dalali anatutega.

Mwenye uzi: Ningekuwa dalali si ningetaja jina mkuu? Nina mkataba hapa.

Binti Ramani: Basi rahisi. Setilaiti za biashara zina namba kwenye orodha ya jeshi la Marekani, iko wazi mtandaoni. Muombe namba za hizo 2. Pia muulize zitadumu miaka mingapi, maana setilaiti ndogo zinazozunguka chini chini zinahitaji kubadilishwa baada ya miaka michache na hiyo hela inatoka kwenu.

Mwenye uzi: Nimemuuliza. Anasema namba ni siri ya kampuni.

Bro Kimya: Awamu ya pili usilipe. Ile ya kwanza ulilipa kwa jina la kampuni au la huyo jamaa?

Mwenye uzi: La jamaa.