Nilimpiga mtu akiwa ameshaanguka. Nitajizuiaje ugomvi ukinikuta tena?

Jabali77

Wakuu, heshima kwenu. Hii ni siku ya tatu sijalala vizuri. Atakayenilaumu anilaumu, nastahili, ila naomba anisaidie pia.

Nina miaka 29. Najifunza ndondi, huu ni mwaka wa pili. Tangu utotoni nilikuwa mwoga wa ugomvi, nikaamini kwamba nikijua kupigana nitatulia. Jumamosi jioni nilikuwa natembea na mdogo wangu wa kike. Jamaa mmoja akamtolea maneno machafu, nikamwambia aache, akanigeuzia mimi matusi. Nikamshika mdogo wangu mkono tukaondoka. Tulikuwa tumeshapiga hatua kumi hivi, yule jamaa akatupa neno moja kuhusu mama yetu. Nikarudi.

Nilipomfikia akanizaba kofi. Kwanza niliganda. Miguu kama imepigiliwa misumari, mikono inaning'inia, kila nilichofundishwa kimefutika. Halafu nikalipuka. Ngumi iliyomwangusha naikumbuka, zilizofuata nimesimuliwa tu. Wanasema nilimfuata pale chini nikaendelea mpaka watu wawili waliponivuta. Mdogo wangu alikuwa ananiita kwa nguvu zake zote, yuko karibu kabisa na sikio langu, na mimi sikumsikia.

Njiani akaniambia, "Kaka, yule nilimchukia. Wewe nilikuogopa."

Mkono wangu wa kulia umevimba, juu ya kifundo cha kidole nilichanwa na meno yake, lakini hilo ni dogo. Ninachotaka kujua ni hiki: kwa nini niliganda, na kwa nini baada ya kuganda sikuweza kusimama? Mtu anajifunzaje kujilinda bila kugeuka mnyama?

Bahari Tulivu

Pole ndugu. Kabla ya yote, yule jamaa yukoje? Kuna aliyekwenda kumwona?

Jabali77

Kuna mtu anayemfahamu ameniambia alitibiwa akarudi nyumbani, taya limevimba na ana jeraha mdomoni. Mimi sijaenda. Nashindwa hata kufikiria nitaanza na neno gani.

Nesi wa Zamu

Jabali, mengine yasubiri kidogo, nizungumzie huo mkono unaouita jambo dogo. Kidonda cha kifundo kilichochanwa na jino ni hatari kuliko kinavyoonekana. Ulipokunja ngumi, ngozi na mishipa inayovuta kidole vilikuwa vimenyooka. Ulipokunjua, vikarudi nyuma na kufungia ndani vijidudu vya mdomoni. Kwa nje unaona mchaniko wa sentimita moja, ndani kiungo kinaweza kuwa kinaoza. Siku tatu na bado kimevimba? Nenda hospitali leo, usingoje kesho. Waambie wazi kwamba ni jino la mtu, usione aibu ukasema ulijikwaruza, kwa sababu matibabu yanatofautiana. Waombe wapige na picha ya eksirei, mifupa ya upande wa kidole cha mwisho huvunjika sana kwa wanaopiga kichwa cha mtu kwa ngumi tupu. Uliza na sindano ya pepopunda.

Na kwa yule jamaa, kama una njia ya kufikisha ujumbe: akitapika, akisinzia kupita kawaida, kichwa kikizidi kuuma au akianza kuongea ovyo, arudishwe hospitali mara moja hata kama juzi aliambiwa yuko salama. Nimeona watu waliopigwa ngumi moja tu. Ngumi yenyewe haikuwaua, waliuawa na sakafu walipoangukia kisogo. Hilo ndilo linalonitisha kwenye ugomvi wa barabarani, kwamba aliyepiga hakukusudia kuua na aliyekufa hakupigwa sana.

Kuhusu swali lako la kuganda. Mwili ukiona hatari, tezi zilizoketi juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo unakwenda mbio, damu inakimbilia misuli mikubwa, vidole vinakosa ustadi, macho yanaona kama kupitia bomba, na sauti zinafifia. Ndiyo maana hukumsikia mdogo wako. Kuganda si woga wala laana, ni njia ya mwili ya tangu zamani kama ilivyo kukimbia na kupigana. Kinachokurudisha haraka ni pumzi: vuta kwa pua ukihesabu mpaka nne, itoe taratibu ukihesabu mpaka sita au nane. Ile ya kutoa ndiyo inayoshusha mapigo ya moyo. Lakini ujizoeze kila siku ukiwa mzima, maana siku ya vurugu hutakumbuka jambo ambalo mwili haujazoea.

Chuma Hakioti Kutu

Mimi nitasema wasilotaka kusema wengine. Mtu akimtukana mama yako ukaondoka, kesho atakutafuta tena kwa sababu ameshajua wewe ni laini. Kosa la Jabali ni kuendelea baada ya jamaa kuanguka, hapo nakubali. Kurudi si kosa.

Bint Salama

Kaka Chuma, nakuheshimu, lakini ngoja nikueleze nilichopitia.

Miaka minne iliyopita nilikabwa na mwanamume kutoka nyuma. Nami niliganda kama Jabali. Kilichoniamsha ni hasira, kwa hiyo siwezi kukaa hapa nimwambie mtu hasira ni shetani. Ila hasira yangu ilikuwa na kazi moja tu, kutoka mikononi mwake. Nilimkanyaga mguu kwa kisigino, nikamgonga kwa kiwiko mbavuni, mkono wake ulipolegea nikakimbia huku napiga kelele. Sikugeuka kumtazama. Mpaka leo sijui sura yake.

Jabali alikuwa ameshatoka. Hatua kumi! Aliyekuwa anamlinda ni mdogo wake, na mdogo wake alikuwa salama ameshikwa mkono. Alipogeuka alimwachia ule mkono. Kama yule jamaa angekuwa na wenzake, binti angebaki peke yake barabarani wakati kaka yake anapigania neno. Mama aliyetukanwa hakuwepo wala hakuumia. Aliyekuwepo ni yule dada.

Wahenga walisema hasira za mkizi furaha ya mvuvi. Anayekutukana ukiwa umeshaondoka anakutaka urudi. Ndiyo chambo yenyewe.

Chuma Hakioti Kutu

Hapo kwenye kuachia mkono umenigusa dada. Sikuwa nimeliangalia hivyo.

Kocha Mstaafu

Kijana, nimefundisha masumbwi kwa muda mrefu na nitakwambia kosa ambalo ni letu walimu kabla ya kuwa lako. Tunamfundisha bondia kupiga, hatumfundishi kuacha. Ulingoni kazi ya kuacha tumempa kengele na mwamuzi. Bondia anakua akijua kwamba mimi nitaendelea mpaka mtu anizuie, na wewe Jumamosi uliendelea mpaka watu walipokuzuia. Ulifanya ulichozoezwa.

Usidhani ni tatizo la wanagenzi peke yao. Tarehe 22 Septemba 1927 huko Chicago, Jack Dempsey alimwangusha Gene Tunney raundi ya saba. Kanuni ilimtaka aende kwanza kwenye kona isiyo na mtu ndipo hesabu ianze. Dempsey akabaki amemsimamia. Mwamuzi hakuanza kuhesabu mpaka alipoondoka, Tunney akapata sekunde za ziada, akainuka, na pambano akalishinda kwa pointi. Dempsey alikuwa ameshakuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, kanuni alikuwa anaijua, ila mwili wake haukuzoea kurudi nyuma mtu akiwa chini. Huwa nawasimulia vijana wangu habari hii kabla sijawafundisha ngumi ya kwanza.

Kwa hiyo mwambie mwalimu wako aongeze zoezi hili. Lipige begi kwa nguvu zako zote mpaka moyo utake kutoka. Mtu asimame pembeni, na kwa wakati usioujua akuite jina. Ukisikia, ngumi inakatwa hata kama iko njiani, mikono inabaki juu kukinga uso, unarudi hatua mbili, unageuza kichwa kulia na kushoto, unataja kwa sauti kitu kimoja ulichokiona. Kule kugeuza kichwa kunavunja lile bomba la macho alilolisema Nesi. Mwanzoni utapitwa na jina lako mara tatu, nne. Endelea. Baadaye fanya hivyo ukiwa na mwenzako, glovu kubwa, kinga ya kichwa na ya mdomo, na mwenzako aruhusiwe kukuchokoza kwa maneno. Wengi tunafanya mazoezi ya kimya kimya ya adabu, halafu tunashangaa tusi linapotuvua ujuzi wote.

Na kuganda kwako kuna sababu nyingine. Ulimfuata mpaka kwenye umbali wa kofi ukiwa umeshusha mikono. Kama ni lazima kuongea na mtu mwenye hasira, simama mbali kiasi kwamba akitaka kukufikia ni lazima apige hatua. Mguu mmoja nyuma kidogo, viganja wazi usawa wa kifua. Kwa anayetazama unaonekana unaomba amani, na kweli unaiomba, lakini mikono tayari iko juu. Sauti iwe ya chini, maneno machache: "Sitaki ugomvi, naondoka." Usibishane naye nani mwenye haki.

Mkanda Kahawia

Naongeza kwa upande wa judo. Kwetu mtu akibanwa anagonga mara mbili kwa kiganja, na mwenzake anaachia papo hapo. Tangu siku ya kwanza kila mazoezi unaachia, unaachia, mpaka mkono unajua wenyewe. Miezi michache ya kugongewa ingekufaa. Na ukimshika mtu huna haja ya kumvunja uso ili atulie.

Karani wa Mahakama

Sheria za nchi zinatofautiana, lakini msingi unafanana karibu kila mahali: nguvu unayotumia iwe ya lazima na ilingane na hatari iliyopo wakati ule. Kofi lilikupa haki ya kujikinga. Tusi halikukupa. Jamaa alipolala chini bila silaha na bila kuendelea kukushambulia, haki yako iliishia pale, na kila ngumi iliyofuata ni shambulio lako. Nakwambia si kukutisha. Kabla hujakwenda kuonana naye, ongea na mwanasheria, na ukienda usiende peke yako. Nenda na mtu mzima ambaye pande zote mbili zitamsikiliza. Gharama zake za matibabu zilipwe bila kusubiri akudai.

Mchezaji Namba 10

Zidane, fainali ya Kombe la Dunia, Berlin, 9 Julai 2006. Alikuwa anaondoka. Maneno yakamfuata, akageuka, akampiga Materazzi, beki wa Italia, kichwa cha kifua, kadi nyekundu, mechi yake ya mwisho. Nilipofika pale uliposema "nikarudi" nikamkumbuka yeye.

Bahari Tulivu

Jabali, umekwenda hospitali? Umetoweka tangu jana.

Jabali77

Nimerudi wakuu, naandika kwa mkono wa kushoto.

Nesi, Mungu akubariki. Nilifika usiku uleule. Usaha ulikuwa umeanza ndani karibu na kiungo. Wamenifungua, wameosha, nimechomwa sindano na nina antibayotiki za siku kadhaa. Mfupa wa upande wa kidole cha mwisho una ufa, mkono umefungwa, glovu sivai kwa wiki sita. Daktari ameniambia ningengoja siku mbili zaidi kidole kingekuwa mashakani.

Kwa yule jamaa, nilimwona mwanasheria kwanza kama alivyonielekeza Karani. Jana jioni nikaenda na baba yangu mkubwa. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, nilipoliona lile taya yote yakapotea, nikasema nimekosa, nisamehe. Hakunijibu upesi. Mke wake alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, ananitazama vilevile alivyonitazama mdogo wangu. Mwishowe jamaa akasema naye alikosa kwa dada. Baba mkubwa alipomkabidhi fedha za hospitali alizipokea, ila mkono wangu hakuutaka. Sikumlazimisha. Dalili za Nesi nimemwandikia mke wake kwenye karatasi.

Kocha, uzi huu nimemsomea mdogo wangu wote, pamoja na alichoandika Bint Salama kuhusu mkono nilioachia. Alilia. Halafu akauliza lile zoezi la kuitwa jina linaanza lini. Nikamwambia mpaka mfupa uunge. Amesema atakayesimama pembeni kuniita ni yeye.